Kiwavi jeshi mgeni: ana koo mbili, na ni yupi aliye katika mahindi yetu?

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeichapisha karibu yote kama ilivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Najua wengine mmetoka mbali na mmeacha palizi nyumbani, kwa hivyo sitazunguka sana. Nimeombwa niseme juu ya mdudu wa mahindi. Mimi si bwana shamba. Kazi yangu ni ya jamii: vikundi, vitabu vya hesabu, mikutano inayovunjika na ile inayopatanishwa. Lakini mdudu huyu aliingia katika kazi yangu mwaka wa 2017, akakaribia kuvunja kikundi kizima, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari zake na kuwauliza wanaojua.

Mnakumbuka ile mvua ndefu ya 2017. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mama mmoja wa kikundi nilichokuwa nikikitembelea akaniletea jani limetobolewa-tobolewa kama kitambaa kilichochomwa na moto wa sigara. Nikamwambia, "Mama, hao ni viwavi jeshi. Mwaka huu ni wengi, lakini watapita." Nilisema hivyo kwa sababu hao ndio niliowajua tangu utoto. Wale wa zamani huja kwa kundi wakati mvua inapoanza, wanakula nyasi ya malisho na mahindi machanga mchana kweupe, wanatembea kutoka shamba hili hadi lile kama askari, halafu baada ya siku chache wanaingia ardhini na unawasahau hata miaka miwili.

Hawakupita. Wiki mbili baadaye mahindi yalikuwa yamejaa kinyesi kama vumbi la msumeno. Basi kikundi kikakaa, tukatoa pesa katika hazina, pesa za mzunguko ambazo zilikuwa zamu ya mama wawili waliokuwa na watoto sekondari. Tukanunua dawa katika duka moja sokoni. Mwenye duka alisema hii inaua kila kitu. Tukapuliza saa sita mchana, jua likiwaka. Wadudu walibaki. Tukanunua tena ile ile, tukaongeza kipimo. Walibaki. Mara ya tatu kukatokea maneno: wale ambao hawakuwa na mahindi mwaka ule waliuliza kwa nini pesa zao zinamwagwa katika mashamba ya wengine. Mwenyekiti akajiuzulu. Mmoja wa wale watoto alikaa nyumbani muhula mzima.

Nimesimulia haya ili mjue kwamba kumjua mdudu kwa jina lake si jambo la wasomi peke yao. Sisi tulimpa mgeni jina la mwenyeji, tukamtendea kama mwenyeji, na tukalipa.

Yule wa zamani, mwenyeji wa Afrika, wataalamu wanamwita Spodoptera exempta. Huyu mpya ni Spodoptera frugiperda, na kwao ni Amerika, kuanzia Argentina mpaka Marekani. Ni ndugu wa mbali tu. Huyu mgeni utamtambua kwa kichwa: ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa juu chini, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za meza. Hatembei kama jeshi mara nyingi. Anaingia katika moyo wa mhindi, anakaa ndani, na anaziba mlango kwa kinyesi chake. Tena anakula wenzake. Ndiyo maana mayai yanaangua mia na zaidi mahali pamoja, lakini baadaye katika moyo wa mhindi unakuta mkubwa mmoja tu, labda wawili. Wale wengine walipeperushwa na upepo wakiwa wadogo, wakining'inia kwa uzi kama buibui, au waliliwa na huyu.

Alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 2016, huko magharibi: Nigeria, Benin, Togo, na kisiwa cha São Tomé. Mwaka uliofuata alikuwa Kenya. Kufika 2018 alikuwa amekwisha kuenea karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara, na mwaka huo huo akafika India. Mwanzoni mwa 2019 alikuwa China, na 2020 Australia. Nondo wake, yaani yule kipepeo wa usiku anayetaga, anaweza kuruka kilomita mia moja kwa usiku mmoja upepo ukimsaidia. Kwa hivyo mzee asimlaumu jirani yake eti ndiye aliyemleta.

Hasara yenyewe? Watafiti walizunguka katika jamii za wakulima wa mahindi hapa Kenya wakawauliza, na hesabu waliyoipata kwa 2017 na 2018 ilikuwa kama thuluthi moja ya mahindi ya nchi, karibu tani milioni moja kwa mwaka. Hayo ni makadirio ya wakulima wenyewe. Zimbabwe, ambako watafiti waliingia mashambani wakapima wenyewe, walipata hasara kama asilimia 12. Kwa maoni yangu zote mbili zinasema kweli kwa namna yake: mkulima anaona jani lililotobolewa na roho yake inakatika, lakini mhindi una nguvu ya kupona majani kuliko tunavyodhani. Nitalirudia hili, kwa sababu lina pesa ndani yake.

Sasa nije kwa jambo nililoahidi, la koo mbili.

Miaka ya 1980 wataalamu wa Marekani waligundua kwamba mdudu huyu, ingawa ukimwangalia kwa macho ni mmoja, ndani ana koo mbili. Huwezi kuzitofautisha kwa rangi wala kwa ukubwa. Lazima upime chembe za urithi katika maabara. Ukoo mmoja waliuita wa mahindi: hupatikana zaidi katika mahindi, mtama na pamba. Wa pili waliuita wa mpunga: hupatikana zaidi katika mpunga, ukoka na nyasi nyingine za malisho. Hata tabia za usiku zinatofautiana. Wa mahindi hupandana mapema usiku, wa mpunga hungoja mpaka usiku umeendelea sana. Mkiishi nyumba moja na mmoja analala wakati mwenzake anaamka, kuoana kunakuwa kugumu, na hivyo ndivyo koo hizo zilivyobaki mbili ingawa zinaishi jirani. Kugumu, si kutowezekana. Zikikutana zinazaa.

Hapa wengine mtaniuliza, sasa hayo yanatuhusu nini? Nangoja swali hilo tangu asubuhi.

Mzee mmoja, mwaka wa pili wa shida hii, aliniambia hivi: "Mama, mimi nimechoka. Kama huyu anapenda mahindi, nitapanda mpunga kule bondeni, na juu nitaacha nyasi za ng'ombe." Mwenzake akamkata: "Na kama ni yule wa mpunga? Si atamaliza vyote, mpunga na malisho?" Mimi sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta.

Jibu ni refu kidogo, lakini ninyi mnafuga ng'ombe, mtalielewa upesi kuliko watu wa mjini. Ng'ombe wa gredi ukimtazama pembe na nundu unasema huyu ni wa kienyeji, ukimtazama kiwele unasema huyu ni Friesian. Yupi? Wote wawili, amechanganyika. Basi watafiti wanaopima viwavi hutazama alama mbili za urithi. Ya kwanza mtoto huipata kwa mama yake tu, hata baba awe nani. Ya pili imekaa katika sehemu ya urithi inayoamua dume na jike, na mtoto wa kike wa nondo huipata kwa baba yake. Kule Amerika alama hizo mbili mara nyingi zinakubaliana: mama wa ukoo wa mahindi, baba wa ukoo wa mahindi. Hapa Afrika hazikubaliani. Wengi wao ukitazama alama ya mama unasema ni wa mpunga, ukitazama ile ya pili unasema ni wa mahindi. Hao ni gredi. Mahali fulani nyuma, koo zilichanganyika, na kilichotufikia sisi ni uzao wa mchanganyiko huo. Alama zao zinafanana zaidi na zile za viwavi wa Florida na visiwa vya Karibi, ingawa wataalamu bado wanabishana kama walikuja mara moja au mara nyingi.

Na katika hizo alama mbili, ile ya pili ndiyo inayoendana vizuri zaidi na chakula anachokula mdudu. Kwa alama hiyo, karibu wote waliopimwa Afrika ni wa mahindi. Hilo linakubaliana na tunayoyaona kwa macho. Amekaa katika mahindi, na mtama pia, lakini mpunga na malisho hayajapigwa kama ilivyohofiwa mwanzoni. Mkiona malisho yameliwa yote na viwavi weusi wanatembea kwa kundi mchana, huyo karibu hakika ni yule wa zamani, mwenyeji wetu, na mpigie ripoti chifu na afisa wa kilimo siku hiyo hiyo.

Lakini msitoke hapa mkisema, "Tuliambiwa hali kingine." Huko kwao Amerika ameandikwa katika mimea zaidi ya 350 ya jamii 76. Huyu si mchaguzi kama mtoto wa tajiri. Anapenda jamii ya nyasi, na ndani ya jamii hiyo anapenda mahindi, lakini akikosa atajaribu. Kwa hivyo yule mzee wa mpunga nilimwambia: panda mpunga kama bonde linafaa mpunga na una soko. Usiupande kwa kumkimbia mdudu. Na ukiacha mahindi upande mtama peke yake, hujamkimbia. Muhogo na viazi vitamu ndivyo nimeviona vikisimama salama kando ya mahindi yaliyoharibika, na ningefurahi kila boma liwe na robo eka ya mojawapo.

Jambo la pili kuhusu tofauti za urithi ni dawa, na hapa ndipo hazina zenu zinapotoboka.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai 1,500 hata 2,000 katika maisha yake. Kukiwa na joto, kutoka yai hadi nondo ni kama mwezi mmoja tu. Tena hapa kwetu hakuna baridi ya barafu ya kumkatiza. Kule Marekani baridi inawaua wote isipokuwa kusini kabisa, Florida na Texas, na kila mwaka lazima waanze safari upya kwenda kaskazini. Hapa anazaa mwaka mzima, mradi pawe na mhindi mbichi mahali, hata wa bustani ya kumwagilia.

Sasa fikiria watoto elfu moja wa mama mmoja na baba tofauti. Hawafanani. Kati yao wachache wanazaliwa na mwili unaovumilia dawa fulani. Unapopuliza, wanaokufa ni wale dhaifu. Wanaobaki wanaoana wao kwa wao. Msimu ujao unapuliza ile ile, wanaobaki ni wengi zaidi. Unaongeza kipimo, unawasaidia kuchagua. Ndivyo tulivyofanya sisi 2017 bila kujua. Na kuna baya zaidi: viwavi waliokuja Afrika hawakuja weupe. Wachunguzi wamekuta kwa wengi wao zile alama za urithi zinazowapa usugu dhidi ya dawa za zamani, zile za jamii ya oganofosfeti na kabameti, kwa sababu mababu zao walipulizwa miaka mingi huko Amerika. Walikuja wamechanjwa tayari. Puerto Rico walipanda mahindi yaliyotiwa ndani yake sumu ya kumwua kiwavi huyu, na kufika 2006 kiwavi alikuwa amezoea, miaka mitatu tu tangu mahindi hayo yaanze kuuzwa.

Kwa hivyo ukiingia katika duka la dawa usiulize jina zuri lililo mbele ya chupa. Majina ni mengi na sumu ni ile ile. Tafuta kwenye karatasi ya chupa jina la dawa yenyewe na nambari ya kundi lake. Kama msimu huu umetumia kundi moja, mara nyingine badili kundi. Mwenye duka akikuambia hajui kundi, mshukuru na uende duka lingine. Na usiongeze kipimo. Tena vaeni nguo ya kufunika mwili, mpira wa mikono na kitambaa mdomoni. Mama mjamzito na watoto wakae mbali. Kule kwetu 2017 akina mama walipuliza na leso mabegani na miguu mitupu. Naona aibu kusema nilikuwa nimesimama pale.

Saa ya kupuliza ni jioni au alfajiri, kwa sababu mchana mdudu amejificha ndani na jua linaimaliza dawa. Na apulizwe akiwa mdogo, mwenye urefu usiozidi ukucha. Akishakuwa mkubwa na ameziba mlango kwa kinyesi, unaosha majani tu.

Lakini kabla ya kupuliza, hesabu. Hili la hesabu ndilo ninalowaomba sana viongozi mlichukue. Ingia shambani, tembea kwa njia ya zigizaga kutoka pembe hadi pembe. Simama mahali patano. Kila mahali tazama mahindi kumi yanayofuatana. Hiyo ni hamsini. Kama mahindi bado ni machanga, na katika hamsini hizo yaliyoliwa upya hayafiki kumi, weka pesa mfukoni, rudi baada ya siku tatu. Mahindi yakiwa makubwa zaidi lakini hayajatoa mbelewele, yanaweza kuvumilia hata ishirini katika hamsini. Yaliyoliwa zamani na sasa moyo unatoa majani safi usiyahesabu, hayo yamepona. Haya ndiyo niliyosema yana pesa ndani yake. Mwaka ule kama tungehesabu, ile mara ya tatu hatungepuliza.

Na kila unapohesabu, geuza majani. Mayai hukaa kwa vifurushi vya mia au mia mbili, vimefunikwa na manyoya ya kijivu kama ukungu wa mkate. Yataangua baada ya siku mbili au tatu. Fikicha kwa vidole. Kifurushi kimoja ni viwavi mia moja na hamsini ambao hukuwanunulia dawa. Watoto wakitoka shule wanaweza, wana macho mazuri kuliko sisi.

Kuna rafiki pia. Nyigu mdogo sana, mdogo kuliko mbu, anayeitwa Telenomus remus, hutaga ndani ya yai la kiwavi na kulimaliza. Amekwisha kuonekana hapa Kenya. Mwingine, Cotesia icipe, humla kiwavi mwenyewe. Ukipuliza ovyo unawaua hawa kwanza, kwa sababu wao hawajifichi ndani ya moyo wa mhindi.

Mwisho ni vuta-sukuma. Wengi mmeisikia kwa sababu ya bungua na ile gugu ya kayongo. Desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi ya brakiaria kuzunguka shamba. Watu wa ICIPE walipima katika mashamba ya magharibi mwa Kenya, mashariki mwa Uganda na kaskazini mwa Tanzania, wakaandika mwaka wa 2018 kwamba viwavi katika kila mhindi walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko shamba la mahindi matupu. Mimi nimeona mashamba kama hayo yakifanya vizuri, na nimeona mengine mawili ambayo hayakuwa na ajabu yoyote, kwa sababu desmodiamu ilikuwa imeachwa ikamezwa na magugu. Mwaka wa kwanza inataka palizi ya mkono, na ni kazi kweli. Ila majani yake ng'ombe anayapenda, na hilo halina msimu. Asiyeweza kuanza hayo apande maharagwe kati ya mahindi badala ya mahindi peke yake. Hata hayo yanapunguza.

Swali la mwenyekiti mmoja: Je, kikundi kinunue dawa pamoja, au kila mtu ajitegemee?

Jibu: Pampu moja nzuri na nguo za kujikinga, nunueni pamoja. Dawa, kila mtu anunue ya shamba lake baada ya kuhesabu, na katibu aandike ni kundi gani limetumika msimu huu ili wote mbadili kwa pamoja. Kama mmoja anatumia hii na jirani ile, nondo hajui mpaka. Na pesa za zamu ya mtu zisiguswe. Andikeni hilo katika katiba ya kikundi kabla ya mvua, si baada ya kuona mdudu, kwa sababu siku ile mtu haoni mbele.

Swali la mama mmoja: Mbegu ya desmodiamu ni ghali. Tufanyeje?

Jibu: Mbegu ni ghali kweli, mama. Lakini inakubali vipande vya mizabibu yake, kama viazi vitamu. Watu watano wachange wanunue kidogo, mmoja mwenye sehemu isiyokauka aitunze mwaka mmoja, halafu mkate mgawane. Kile kikundi changu cha 2017 kimerudi, wamebaki kumi na wanne. Wana kitalu karibu na mto. Nimewauliza, wamesema mkileta magunia na panga zenu mwezi wa tatu mvua ikishika, watawakatia.